Fishie muzuri kwanza, mashini kubwa kisha

Haya ni maneno ya mwenye kuangalia atelie yetu ya vibao, yenye alisema mbele ya wamemba hapa Kikula. Tumeyaandika karibu sawa vile yalitoka mu kinywa. Tumepunguza tu maulizo ya mwisho.



Niliombwa niseme juu ya ile wazo ya kununua mashini ya pili ya kukata vinili, ile ya upana wa sentimita 120. Ninajua wengi wenu munaipenda. Munaona kazi inakuja, munaona kamyo zinasimama pale mbele ya atelie, munasema: tukiwa na mashini kubwa tutapata feza zaidi. Mimi njo ninashinda na ile mashini kila siku, na mimi njo ninawaambia: kwa sasa, hapana. Munivumilie kidogo niwaeleze sababu.

Juma lililopita nilikamata ile karto yenye tunatupia vinili ya kuharibika. Nikaimwaga yote chini, nikaangalia kipande kimoja kimoja pamoja na vijana. Vipande vyenye viliharibikia ku kisu, ni vichache sana: pale kisu kilikuwa kimechoka, pale vinili ilipinda njiani. Vingine vyote viliharibikia ku ordinateri, mbele kisu kiguse kitu. Fishie ilikuwa mubaya. Na ile vinili, wandugu, haiko ya bure. Faida ya atelie inarudia mu kese ya mituele, na ile kese njo inasaidia mugonjwa ku hospitali, njo inanunua sanduku siku tuko na kilio. Kila mita yenye tunatupa, tunaitoa pale.

Sasa, mu ile mashini muko kitu gani? Kuko kalo zenye zinavuta vinili mbele na nyuma. Kuko kichwa kimoja kinatembea kuume na kushoto, na ku kichwa kuko kisu kidogo kama ncha ya sindano. Ni ile tu. Haina macho. Haijue kama hii ni herufi A ao ni kichwa cha mbuzi. Inapewa njia: toka hapa, fika pale, pinda, shuka. Lugha yenye mashini nyingi zinasikia inaitwa HPGL, ilitoka kwa Hewlett-Packard, na mu ile lugha milimita moja inagawanywa mara 40. Unaona vile inafuata kwa karibu. Ukiipa njia ya ujinga, itafuata ujinga wote mpaka mwisho, na kila robo ya ukucha itakuwa sawasawa.

Njo sababu picha ya telefone haikatwe. Picha ni vidoti vya rangi, pikseli, vimepangwa sawa vile shanga juu ya kitambaa. Ukiitazama mbali unaona sura. Ukikaribia unaona shanga tu, hauone mustari. Kisu kinataka mustari. Fishie ya mistari njo tunaita vekta. Ni yenye imechorwa mu programu kama CorelDRAW, Illustrator ao Inkscape. Inkscape haiombe feza, na mimi ninataka vijana wetu waanze na ile, tusiingie mu mambo ya programu za kuiba.

Taabu ya kwanza ya bakiliya wetu ni hii: mutu anakuja, anasema logo iko tayari, anatuma ku WhatsApp. Inafika picha ndogo, imeminywa, pembeni iko sawa vile ukungu. Kijana anaitia mu programu, anabonyeza ile kitu ya kufuata picha yenyewe, dakika moja mistari inatoka. Anafurahi. Mimi pia nilikuwa ninafurahi zamani. Kisha mashini inaanza kutetemeka: tre-tre-tre-tre. Unaenda kuangalia: mviringo wenye ulipashwa kuwa na pointi 4, uko na pointi 200. Kila pointi ni mahali kisu kinasimama kidogo na kugeuka. Herufi O inatoka sawa kiazi. Pembe za E zinakuwa mviringo, sawa sabuni yenye imetumiwa juma nzima.

Dawa iko namna mbili. Ya kwanza, uombe kiliya fishie ya kweli mbele ya kukubali kazi. Makampuni mengi yako nayo bila kujua. Umuombe barua yao yoyote yenye ni PDF, ile yenye ilitengenezwa ku ordinateri, si ile ya kupitisha mu skana. Uifungue, ukuze logo mara 10, mara 20. Kama pembe inabaki safi, mule ndani muko vekta. Uifungue mu Inkscape, uitoe, kazi imekwisha. Na akitaka kutuma ku WhatsApp, amtume kama dokima, si kama picha. Ya pili, kama haipatikane, uchore upya kwa mukono. Weka ile picha chini, uichore juu yake na pointi chache: moja ku pembe, moja pale mustari unageuka juu kabisa, chini kabisa, kuume, kushoto. Logo ya kawaida mutu mwenye amezoea anaimaliza mu saa moja. Ile saa moja ni bei rahisi kuliko mita mbili za vinili.

Taabu ya pili ni polisi. Hapana ile ya ku karifuru! Kwa kifaransa aina ya maandiko inaitwa polisi, na njo jina tunatumia. Kila ordinateri iko na polisi zake. Kama umeandika jina la duka na polisi yenye iko kwako tu, na kwetu haiko, ordinateri yetu haisimame kuuliza. Inachukua ingine yenye inafanana na ile, wakati mwingine bila neno. Herufi zinakuwa pana, mustari unaruka chini, na É inapotea inaacha kisanduku kitupu.

Wengi wenu munakumbuka ile kazi ya kamyo ya asidi. Ninaisema wazi ju ilikuwa kosa langu, si ya kijana. Mwenye kamyo alitaka ile kibao ya rangi ya machungwa yenye namba mbili, moja juu ya ingine. Alituletea vipimo vya kanuni za ADR za Ulaya: upana sentimita 40, urefu sentimita 30, mustari mweusi kuzunguka wa milimita 15, namba za urefu wa milimita 100 na unene wa milimita 15. Juu 80, chini 1830. Fishie ilitoka kwa sekretere wake, namba zilikuwa bado maandiko, hazikugeuzwa mistari. Kwetu ile polisi haikuwa. Ingine ikaingia, pana zaidi, na ile namba ya chini ikakatika: 183 ku mustari mumoja, na 0 peke yake chini, nusu yake nje ya kibao. Mimi niliangalia haraka haraka ku skrini ya kadogo, nikaona rangi ya machungwa, nikaona namba, nikabonyeza. Shofere njo aliona, wakati tulikuwa tayari tunabandika.

Mutu anaweza kusema: ni namba tu. Sikieni. 80 maana yake ni kitu chenye kinaunguza na kukula mwili. 1830 ni asidi sulfuriki, ile yenye viwanda vya shaba vinatumia na yenye munaona inapita hapa ku barabara kila siku. Ukibadilisha namba moja tu ya mwisho, 1831, ni asidi ingine yenye inatoa moshi, na juu yake wanaandika X886. Ile X inaambia mwenye kuzima moto: usitie maji, kitu hiki kikikutana na maji ni hatari. Kamyo ikianguka usiku kati ya Likasi na Lubumbashi, mutu wa kwanza mwenye kufika hana karatasi ya kamyo. Iko na tochi na ile kibao. Anasoma vile tulikata.

Tuliikata upya bila kuomba feza. Vinili ya kuangaza usiku, yenye bei kali, ilienda mu karto. Toka ile siku tuko na sheria moja mu atelie: hakuna fishie inaingia mu mashini na maandiko ndani. Yote yageuzwe mistari. Mu Inkscape ni Shift, Ctrl na C. Mu CorelDRAW ni Ctrl na Q. Mu Illustrator ni Shift, Ctrl na O. Lakini mbele ya kugeuza, unaweka kopi yenye maandiko pembeni, ju kiliya akirudi mwezi ujao kubadilisha namba ya telefone, mistari haiandikwe upya. Na namba zote, majina yote, mutu mwingine anasoma kwa sauti kubwa na karatasi ya kiliya mu mukono, si mwenye aliandika. Mwenye aliandika anasoma yenye iko mu kichwa chake.

Taabu ya tatu, ile ya maandiko ya kushikana mikono, yenye mabibi wa saloni wanapenda sana. Ku skrini ni muzuri: herufi moja inaingia mu ingine, rangi ni moja, hauone kitu. Kisu kinaona mistari miwili inapitana. Kinakata A yote, kisha kinakata m yote, na pale zinashikana kinakata katikati. Wakati wa kuchambua, vipande vidogo vinatoka mule mu viungo. Kisha kibao kikikaa juani mwaka moja, pale njo panaanza kufunguka. Basi unapashwa kuziunganisha ziwe umbo moja, mustari mumoja wa inje. Mu Inkscape unazichagua zote, Ctrl na alama ya kujumlisha. Na usiamini rangi. Ukae na desturi ya kuzima rangi na kutazama mistari peke yake, mu Illustrator ni Ctrl na Y. Pale njo unaona yenye kisu kitaona: mistari miwili yenye imelaliana, kisanduku cheupe chenye kilifichama nyuma, doti yenye ilianguka pembeni ya karatasi na itafanya mashini ivute vinili mita nzima kwenda kuitafuta. Mimi ninazima rangi mara tatu kwa kila kazi.

Kuko na ingine inafanana na ile: mustari munene. Ukichora mustari na kuupa unene wa sentimita 1, skrini inaonyesha utepe. Mashini inajua mustari wa katikati tu, inakata mara moja, hakuna utepe. Unapashwa kuugeuza umbo kwanza, ukuwe na upande huu na upande ule.

Juu ya vipimo. Hii ilitukuta na kioo cha duka moja. Maandiko yalipashwa kuwa sentimita 100, yakatoka 75, na hakuna mutu alikosa kazi yake. Ni programu njo hazikusikilizana. Illustrator inahesabu vidoti 72 kwa inchi moja. Inkscape ya sasa inahesabu 96. Ukigawanya 72 kwa 96 unapata zile 75 zetu. Tena Inkscape yenyewe ilibadilika: mbele ya version 0.92, ya mwaka 2017, ilikuwa inahesabu 90, basi fishie ya zamani ya sentimita 96 inaweza kufunguka 90. Na fishie za DXF, mara nyingi hazisemi kama ni milimita ao inchi. Sasa sisi tunafanya hivi: ku kila fishie yenye inatoka ao inaingia, tunachora pembeni kisanduku cha sentimita 10 kwa 10. Ikifunguka upande wa pili, unapima kisanduku. Kama ni 10, endelea. Kama ni 7,5, unajua mara moja. Kisha unakifuta mbele ya kukata. Sekretere wa bakiliya wetu, ile ya kisanduku wanaisikia mbio kuliko maelezo yote ya programu.

Mengine nitapita mbio. Kitu chembamba kuliko milimita moja, usikitume, kisu kitakivuta. Kibao cha kubandika ndani ya kioo ili kisomwe inje, ugeuze kama mu kioo. Kazi ya rangi mbili, rangi ya juu ilale juu ya ile ya chini, usitoboe tundu la kipimo sawasawa. Hata mukono wa fundi unatetemeka, na pale katikati patabaki ufa mweupe. Na mbele ya kazi yote, kata kisanduku kidogo na mviringo ndani, uchambue. Ukiona karatasi ya chini iko na alama hafifu tu ya kisu, ni muzuri.

Kuchambua kunastahili neno moja, ju wamama wa mituele njo wanakufanya, na wanakufanya vizuri kuliko sisi, sawa vile wanachambua maharagi. Mwenye kuchora fishie anaweza kuwapa raha ao kuwapa mateso. Ukichora kisanduku kuzunguka kazi yote, na mistari ya kupasua katikati ya mistari ya maneno, wanatoa kipande kimoja kimoja, hakirudi kubandikana juu ya herufi. Bila ile, wanavuta shuka nzima, inajikunja, inakamata herufi zingine, na mama anaanza kusema maneno yenye sitayasema hapa mbele ya wageni.

Zile mistari za kupasua ziko na faida ingine hapa kwetu. Umeme ukikatika katikati, mashini inasahau pale ilikuwa inaanzia. Ukiiwasha tena haiwezi kurudi pale pale kwa robo ya milimita. Kama ulituma kibao cha mita tatu kama kazi moja, umepoteza mita tatu. Kama uliigawanya mu vipande sita, umepoteza kipande kimoja. Wandugu wa inje wanafikiri fishie ni jambo ya ordinateri tu. Kwetu fishie inapashwa kujua kama umeme utakatika.

Neno juu ya wazee. Mu hii mituele tuko na batata wawili wenye waliandika vibao kwa burashi miaka mingi, na tangu mashini ilifika wanakaa pembeni wanasema wakati wao umepita. Mimi ninakataa. Katanga ni inchi ya watu wa burashi. Tshibumba Kanda Matulu, mwenye kuzaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora historia ya inchi yetu picha karibu mia moja kwa ajili ya profesa Johannes Fabian, kwenye miaka ya 1973 na 1974, na mara nyingi maandiko yalikuwa ndani ya picha yenyewe. Mutu wa burashi anajua kitu chenye ordinateri haijue: nafasi kati ya herufi. Ukiandika KAVA, ordinateri inaweka herufi mbali kwa kipimo, na jicho linaona shimo kati ya A na V. Mzee anazisukuma karibu bila kupima. Tena anaweza kuandika jina la duka kwa mukono wake, kwa wino mweusi, kubwa, safi. Kijana anapiga picha, anaichora upya na pointi chache, na kiliya anapata maandiko yenye hayako kwa mutu mwingine yeyote Likasi. Ile ni kazi ya kuuza bei zaidi.

Mimi hii kazi nilifunzwa ng'ambo ya mupaka, kwa Zambia, mbele turudie. Fundi mwenye alinifunza hakuniacha niguse mashini miezi miwili. Nilikuwa ninachora tu, yeye anazima rangi, anaangalia mistari, anasema: rudia. Nilimuchukia. Siku aliniacha nibonyeze, kazi ilitoka mara moja, na ilikuwa inaandikwa ku mlango wa gari ya shule.

Sasa ninarudi ku ile feza. Mashini ya sentimita 120 na fishie mbaya itaharibu vinili mara mbili ya upana. Kibao kikubwa tunaweza kukigawanya vipande viwili na kulalisha milimita chache moja juu ya ingine, pale kisu cha sentimita 61 kinaenea. Bakiliya wenye tulikosa ju ya upana wa mashini, mu mwezi huu, sikumbuki hata mumoja. Wenye tulikosa ju tulichelewa ku kukata mara ya pili, ninawakumbuka wote. Kwa hiyo ninaomba mukutano upange hii: ordinateri moja ya pili, hata ya zamani, ya kuchora tu, isiyofungwa ku mashini, batri moja ya kushika mashini dakika chache umeme ukienda, ili kipande kimoja kimalizike, na feza kidogo ya chai kwa wale batata wawili, ili wakuje siku ya tano kila juma kukaa na vijana. Marafiki wenye walisaidia kununua mashini ya kwanza, ninajua munapenda kuona kitu kikubwa mu picha. Hii haitaonekana vizuri mu picha. Karto itaonekana: nitaipima kila mwisho wa mwezi mbele ya mwenye kuweka hesabu, na tutaandika mu gazeti hii mita ngapi zimo.

Tutaanza siku ya posho saa tatu asubui, mu atelie. Kila mutu alete fishie moja yenye iliharibika ao logo moja ya kuchora upya, mu kle USB. Mashini itakuwa imezimwa.